Game la kwenye flash lililomwita mdogo wangu jina lake la kabla ya jando

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, wadogo nitawaitikia huko chini.

Leo nimepita jukwaa la tech nikakuta kijana anauliza kama anaweza kucheza game la zamani kwenye PC ya ofisini bila ku-install. Wamemjibu kwa dharau, eti atafute hela anunue laptop yake. Nimecheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kulikoni.

Unaweza, mdogo wangu. Sisi tulifanya hivyo Masasi na Newala, enzi hizo flash inavaliwa shingoni kama kitambulisho.

Ila flash hiyo hiyo nusura initenganishe na mtu niliyempenda kuliko wote utotoni. Ndiyo maana nimeamua nianzishe uzi wangu badala ya kujibu kule.

Sina picha. Simu zetu wakati ule zilikuwa na tochi tu. Atakayesema hii ni chai namwachia aipulize, sisi wengine tulikuwepo.

Twende.

Mjomba wangu, kaka wa mama yangu, alikuwa na stationery Masasi mjini, karibu na stendi. Soko huria lilikuwa limetukolea. Wanunuzi binafsi wa korosho wanashuka na magari yao, na kila mwenye mtaji kidogo anafungua kitu. Huyu banda la video, yule saluni, yule kibanda cha kupigia simu.

Mjomba yeye akaleta kompyuta za mtumba kutoka Dar, zile zenye monitor za chogo, pamoja na mashine ya photocopy iliyonguruma kuliko jenereta.

Nilikuwa nasoma sekondari pale pale mjini na nilikaa kwake. Nikitoka shule nashika zamu: natoa photocopy, nachapa barua za watu, nasikiliza shida zao bure.

Mjomba aliogopa virusi kuliko watu wa kodi. Akamleta fundi kutoka Mtwara akamwekea program ya kugandisha kompyuta. Weka chochote unachotaka, lakini ukizima na kuwasha, hamna kitu. Kila asubuhi kompyuta inaamka kama imezaliwa leo.

Sasa kuna mteja alisahau CD. Hakurudi kuifuata, nasi hatukumtafuta sana. Ndani mlikuwa na game la mpira, la zamani hata kwa wakati ule.

Si la kukimbiza mchezaji. Wewe ni kocha. Unapanga kikosi, unanunua, unauza, kisha unabonyeza na mechi inajicheza kwa maandishi. Unakaa unasoma "goal" huku moyo unadunda. Vijana wa leo mtacheka, chekeni tu.

Nikali-install, nikacheza, nikashinda mechi zangu. Kesho yake nawasha, patupu. Nililia wakuu, sifichi.

Siku nyingine kabla ya kuzima nikapata wazo. Nika-copy folder zima la game nikalitupia kwenye flash ya Mjomba. Kesho yake nikachomeka flash, nikafungua folder, nikabonyeza game humo humo ndani ya flash bila ku-install chochote.

Likafunguka! Timu yangu hii hapa, na pointi zake! Nilijiona mimi ndiye niliyeleta umeme Masasi.

Kwa yule kijana wa jukwaa la tech: siri ni kwamba magame mengi ya zamani hayakuwa na makuu. Kila kitu chake, pamoja na save, kinakaa folder moja. Ya siku hizi yanatawanya vitu vyake nyumba nzima kama mgeni aliyekuja na watoto. Tafuta la zamani, copy folder lote, jaribu. Likikataa, sijui, mimi si fundi.

Tuendelee.

Mama yangu ana mdogo wake, mama mdogo wangu, yeye ameolewa Mkunya, huko Newala. Mtoto wake wa kwanza ndiye mdogo wangu ninayemzungumzia. Leo anaitwa Saidi na humu nitamwita Saidi tangu mwanzo, ingawa wakati ule alikuwa na jina jingine.

Lile jingine siliandiki hapa. Watu wa kusini mmeshanielewa, wengine vumilieni kidogo.

Saidi alikuja Masasi likizo akiwa darasa la sita. Nikamwonesha game. Hakula mchana ule.

Tukaanza upya, timu yetu wawili. Jambo la kwanza game linalouliza ni jina la kocha. Saidi akasogea, akaliandika jina lake kwa kidole kimoja, herufi kubwa tupu. Tukachagua timu ya daraja la chini kabisa huko Uingereza, jina lake hatukuweza kulitamka, tukaipenda hivyo hivyo.

Likizo ikaisha, machozi. Nikamwambia usilie, game linatembea. Newala mjini kulikuwa na kituo cha mafunzo ya kompyuta, na mwalimu wake, kaka mmoja wa Mbeya, alikuwa mgonjwa wa mpira. Alimruhusu Saidi achomeke flash siku za Jumamosi baada ya madarasa.

Basi tukawekeana utaratibu. Kalenda ya kwenye game tuligawana miezi. Mwezi huu wako, unaofuata wangu. Unacheza mechi za mwezi wako, ukifika tarehe moja ya mwezi wa mwenzio unasimama, una-save, unaituma flash.

Mbebaji alikuwa mama mdogo mwenyewe. Alikuwa akishuka Masasi kuuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, na viazi, na flash aliifunga kwenye pindo la kanga. Yeye aliiita kijiti.

Akifika dukani, salamu kwanza, habari za Mkunya zote, nani kaoa, nani kagombana na nani, ndipo anafungua pindo. "Haya, kijiti chenu hiki. Ntoto kasema kafunga mabao, sijui kamfunga nani."

Nami nikimaliza mwezi wangu namrudishia, anapanda nacho Newala.

Hivyo ndivyo tulivyoilea ile timu. Hatukuwahi kuibiana mwezi hata mara moja. Unaweza kukuta mwenzio kauza mshambuliaji uliyempenda, unakasirika wiki nzima na wa kumgombeza yuko juu huko milimani.

Tukapanda daraja, tukapanda tena. Saidi akiwa darasa la saba tulikuwa ligi kuu, na mwaka ule wa kwenye game tukawa tunaongoza. Ilibaki Aprili, mwezi wake, halafu Mei, mwezi wangu, ligi iishe.

Hapo ndipo zamu yake ya jando ilipofika.

Wasiojua, kwetu jando si tohara tu ya hospitali, kukatwa na kurudi nyumbani. Wavulana wanakwenda kukaa kambini na wanafundishwa. Yanayofundishwa huko siyajui na siyaulizi, mimi ni mwanamke. Ninachokijua ni kinachotokea wakitoka.

Wakitoka wanakuwa na majina mapya. Lile la utotoni limekufa. Kumwita mtu kwa jina lake la kabla ya jando ni kumtukana, ni kumwambia bado hujawa mtu. Unatozwa kuku, na una bahati ukiishia hapo.

Na si yeye peke yake anayebadilika. Mama mdogo kijiji kizima kilimwita Mama Fulani, kwa lile jina. Siku mtoto anatoka jandoni, na yeye anaanza kuitwa Mama Saidi.

Flash ilikuwa kwangu wakati wote aliokuwa jandoni. Aprili yake sikuigusa. Niliichomeka mara moja moja kuangalia msimamo tu, nikaichomoa.

Siku ya kutoka tulipanda Mkunya, mimi na Mjomba. Sherehe ilikuwa sherehe kweli. Ngoma, wali, wanawake wanapiga vigelegele mpaka sauti zinakauka. Mjomba ndiye aliyempa jina, la babu yetu, Saidi. Mdogo wangu amevaa shati jipya na kofia, ananitazama kwa pembeni kama bwana harusi.

Nikajiambia zawadi yangu haina mpinzani. Aprili yake hii hapa, nimemtunzia.

Kesho yake tukaenda Newala mjini na wenzake aliotoka nao jandoni, kundi zima, mashati yanang'aa. Nikawapitisha kwenye kile kituo waione timu ya mwenzao. Walijazana nyuma ya kiti. Nikachomeka, nikafungua folder, nikabonyeza.

Game likafunguka kama linavyofunguka siku zote. Maandishi makubwa katikati ya kioo: WELCOME BACK COACH, halafu lile jina. Herufi kubwa tupu.

Wakuu, nilikuwa nimeyaona maandishi yale mara nyingi mpaka nikawa siyaoni tena.

Vijana wakatazamana.

Na balaa lilikuwa bado. Yule mwalimu wa Mbeya, masikini ya Mungu, akainama akatabasamu, akalisoma kwa sauti. Akamshika Saidi bega. "Coach! Karibu tena! Ulipotelea wapi bwana?" Na lile jina tena juu yake.

Mmoja wa wale vijana akasema, "Mwalimu, umemtukana mwenzetu."

"Nimemtukana? Si jina lake hilo?"

"Lilikuwa."

"Kuku," akasema mwingine.

"Kuku wa nini?"

Wakaanza kubishana nani atoe kuku. Mmoja anasema mwalimu ndiye aliyetamka. Mwingine anasema hapana, kompyuta ndiyo iliyoanza kumwita. "Sasa kompyuta itatoa kuku?" "Atoe aliyeifungua!" Na hapo macho yote kwangu.

Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. Lakini nilikuwa namtazama Saidi. Alikuwa ameshavua kofia na anaitazama tu mikononi mwake.

Akasema taratibu, "Dada, lifute."

"Nitabadilisha jina."

"Halibadiliki hilo. Tulishajaribu. Futa lote."

Ni kweli, tulishawahi kutafuta pa kulibadilishia tukakosa. Jina la kocha unaliandika siku ya kwanza, basi.

"Na timu?"

"Mimi sichezi tena mambo ya kitoto."

Akatoka nje na wenzake. Mimi nikabaki na mwalimu wa Mbeya, anauliza kuku wa kienyeji huko Newala wanapatikana wapi.

Kilichoniuma si ubingwa, ingawa na wenyewe uliniuma. Ni ule mwendo aliotoka nao. Nilijua kabisa kwamba timu ikifutika, hakutakuwa na kitu cha kumfanya anitumie hata salamu. Mvulana akitoka jandoni hakai tena na dada zake kupiga soga. Ile miezi ya kugawana ndiyo iliyokuwa njia yetu.

Mjomba aliipata habari kabla hatujafika Masasi. Hakupiga kelele, na Mjomba asipopiga kelele ujue ni kubaya. "Mama Saidi akishuka, hilo jina liwe halimo humo. Likiwemo, kijiti hicho nakitupa chooni."

Nikaanza kazi.

Nikatengeneza copy ya folder kwanza. Nikafungua file la save kwa Notepad. Takataka tupu, alama za ajabu ajabu, na katikati ya takataka lile jina limekaa, zima. Nikalifuta, nikaandika SAIDI, nika-save. Game likakataa, likasema file limeharibika.

Copy nyingine, likakataa. Nyingine tena, likakataa.

Nikaenda internet cafe, nikauliza kwenye forum moja ya Wazungu wa magame ya zamani. Page inafunguka unaweza kwenda kusali ukarudi. Jamaa mmoja akanijibu vizuri: usitumie Notepad, inaharibu, shusha kiprogramu hiki kidogo cha kuhariri file herufi kwa herufi. Na idadi ya herufi isibadilike. Jina jipya likiwa fupi, jazia nafasi tupu.

Halafu akauliza, kwa nini usianze game jipya tu?

Nikaanza kuandika, nikafuta. Jando nilielezee kwa Kiingereza cha form three? Nikaandika "family reasons", nikashukuru.

Kile kiprogramu nikakitupia kwenye flash, nacho kilifanya kazi humo humo bila ku-install. Siku ya kukitumia nilikuwa peke yangu dukani, Mjomba amekwenda Lukuledi. Nimefungua file, jina lipo mbele yangu, kidole kipo kwenye keyboard.

"Hodi humu."

Mama mdogo, na ndoo yake ya ming'oko kichwani. Hakuwa amesema angeshuka siku ile.

Nikainuka nikakikinga kioo kwa mgongo. "Shikamoo Mama Saidi."

"Marahaba mwanangu. Unaficha nini?"

"Hakuna kitu."

"Ndio lile jina? Nimeambiwa mnaliondoa na huko."

Nikasema ndiyo, naliondoa sasa hivi.

Akatua ndoo. Akavuta kile kiti cha wateja akakaa, akaniambia, "Sogea niliangalie."

Mama mdogo hakusoma shule sana, alijifunzia ukubwani kwenye madarasa ya watu wazima. Aliniuliza lipo wapi, nikamwonesha. Akalifuata kwa kidole, herufi moja moja, midomo inacheza bila sauti. Akafika mwisho, akaanza tena mwanzo.

Wakuu, hapo ndipo nilipokumbuka jina lile lilitoka wapi. Kabla ya Saidi kuna watoto waliotangulia na hawakukaa. Alipozaliwa yeye, mama mdogo akampa jina baya kusudi, jina la kumdharau, ili kifo kikipita kisimtamani. Nalo ndilo aliloitwa mpaka akasimama, akatembea, akaenda shule.

Na sasa mwenye kulitoa hakuruhusiwa kulitamka, maana angemtukana mwanawe mwenyewe.

Nikamwambia, "Mama mdogo, naweza kukutunzia copy moja. Naificha, hakuna atakayejua. Siku ukishuka nakufungulia uliangalie."

Alifikiri. Nilimwona kabisa anafikiri.

"Hapana," akasema. "Kijiti kinapotea, kinaokotwa. Ntoto wangu ataaibika tena. Futa tu."

"Una hakika?"

"Futa. Mimi ninalo."

Nikafuta. Nikaandika SAIDI, nikajazia nafasi tupu mpaka idadi ikatimia. Zile copy zote nilizojaribia nazo nikafuta mbele yake. Nikafungua game: WELCOME BACK COACH SAIDI. Mama mdogo akalisoma na hilo, hili kwa sauti. Akajitanda kanga vizuri, akasema ming'oko inapoa.

Akaondoka na flash kwenye pindo.

Halafu hakuna kitu. Akashuka mara ya kwanza, kijiti hakuja nacho. Namuuliza Saidi kasemaje, ananiambia hajasema. Mara ya pili hivyo hivyo. Nikakubali kwamba mwanaume ameshakua na mpira wa maandishi umeisha. Nilimeza, wakuu, lakini haukushuka vizuri.

Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka aliposhuka tena. Salamu, habari zote za Mkunya, nani kaoa, nani kagombana. Nami naitikia tu huku natoa photocopy za mtu. Alipomaliza akafungua pindo, akakiweka kijiti juu ya meza.

"Kasema ulikuwa unamwekea mwezi wake. Kasema na wewe kakuwekea wako."

Nikamwacha mteja na karatasi zake. Nikachomeka.

Aprili yote ilikuwa imechezwa, mechi zake zote ameshinda. Kalenda imesimama tarehe moja Mei. Mechi zangu zipo pale, hajagusa hata moja.

Nilitoka nyuma ya duka kulia, maana mteja alikuwa ameshaanza kunishangaa.

Ubingwa? Tulikosa. Mechi ya mwisho nilipanga washambuliaji wengi kwa tamaa, tukafungwa, tukawa wa pili. Saidi ana watoto sasa, na kila sherehe ya ukoo lazima awasimulie wageni jinsi dada alivyoliharibu kombe.

Nilichojifunza ni kwamba game linaweza kuhama kompyuta hadi kompyuta bila kuacha alama, ila kila unapolichomeka kuna watu wenye mila zao, kwa hiyo angalia kwanza kioo kinasema nini. Na la pili, mtu akikutunzia mwezi wako, huyo usimpoteze.

Wenyeji wa Masasi, Newala na Tandahimba njooni mnisahihishe nilipokosea. Wengine niambieni, huko kwenu mtoto akibadilishwa jina, mama yake anaulizwa chochote?

Mama mdogo yupo Mkunya, mzima wa afya. Ukimwita Mama Saidi anaitika vizuri tu. Ila bado anachelewa kidogo.